Mkakasi na Chanda: Maadili ya Nakshi katika Ukusanyaji wa Fasihi Simulizi ya Wameru na Waembu

1. Utangulizi

Kiswahili kina methali mbili ambazo zikiwekwa bega kwa bega hazipatani. Ya kwanza husema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kijisanduku kilichopakwa rangi na kutiwa nakshi. Jicho hukitamani, lakini anayekifunua hukuta mti mtupu. Ya pili husema: chanda chema huvikwa pete. Hapa pambo si hila. Pambo ni stahili ya kitu ambacho wema wake umekwisha kujulikana, na pete haifichi kasoro ya kidole bali hushuhudia uzuri wake. Methali ya mkakasi humwonya mtazamaji; methali ya chanda humtaka atoe heshima inayopasa. Wahenga waliotuachia zote mbili hawakutuambia ni lini tuifuate hii na ni lini ile.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeurithi mvutano huu chini ya majina ya fani na maudhui. Mifano miwili imezoeleka madarasani. Katika mfano wa chombo, fani ni kikombe na maudhui ni kinywaji; kikombe chaweza kubadilishwa, kinywaji kikabaki kilekile. Katika mfano wa sarafu, fani na maudhui ni pande mbili za kitu kimoja. Ukiufuta upande mmoja umeiharibu sarafu yote. Mjadala kuhusu ni mfano upi ulio sahihi umekuwa, kwa kiasi kikubwa, mjadala wa kinadharia. Makala hii inauchukua kama swali la maadili. Kikombe kina mwenyewe, na sarafu ilitoka mkononi mwa mtu. Kwa hiyo tunauliza: ni kwa haki gani mhakiki hulisifu kasha ambalo amelitenga na kilichomo ndani yake, na pia na mtu aliyelifunga?

Tutalikabili swali hilo kwa kuanzia na makasha halisi, yaani vijisanduku vya kale vya fedha vilivyopambwa kwa ndege, ambavyo historia yake inagusa pwani yetu. Kisha tutapanda hadi Meru na Embu, ambako vyombo vya thamani vilifuata kanuni nyingine. Hoja yetu ni kwamba kasha halikosi kwa kuwa kasha, wala nakshi haikosi kwa kupendeza. Kosa huanza pale kasha linapojidai kuwa ndege. Hoja hii inamhusu kila mwanafunzi anayekwenda Mbeere, Tharaka au Imenti akiwa na kinasa sauti mkononi.

2. Fedha yenye ndege

Kabla ya kulitazama kasha, neno lenyewe latutaka tutue. Kiswahili hutumia neno moja, fedha, kwa madini meupe yanayofuliwa na sonara na kwa mali inayolipiwa bidhaa. Kasha la fedha laweza kuwa kasha lililofuliwa kwa madini hayo au kasha lililojaa sarafu, na ni muktadha tu unaoamua. Lugha imekataa kulitenga pambo na bei yake.

Katika pwani ya Afrika Mashariki utata huo ulikuwa kazi ya kila siku karakanani. Miongoni mwa sarafu zilizoenea sana katika karne ya 19 ilikuwamo riale ya Maria Theresa, ambayo Waswahili waliiita riale ya Sham. Ilikuwa kipande cha gramu 28 hivi, chenye sura ya malkia huyo wa Austria upande mmoja na tai mwenye vichwa viwili upande wa pili. Malkia alifariki mwaka 1780, na mwaka huohuo uliendelea kuchapwa juu ya sarafu hiyo kwa vizazi vilivyofuata. Masonara wa pwani, kama wenzao wa Oman na Uhabeshi, waliziyeyusha riale hizo wakapata madini ya vikuku, mitali, hirizi na vijaluba vya uraibu. Tai aliingia tanuruni ili kasha litoke.

Ndege mwingine alirudi kwa nyundo na tindo. Huko Bhuj, mji mkuu wa Kutch upande wa magharibi wa Bara Hindi, karakana ya Oomersi Mawji ilipata sifa katika nusu ya pili ya karne ya 19 kwa vyombo vya fedha vilivyofunikwa na majani yaliyosokotana, na kati ya majani hayo wakaonekana wanyama na ndege. Watu wa Kutch walikuwa na makazi ya kudumu Zanzibar na Mombasa, hivyo ladha hiyo ya nakshi haikuwa ya ulimwengu wa mbali. Katika Geneva, tangu mwishoni mwa karne ya 18, mafundi wa saa wa jamaa ya Jaquet-Droz na waliowafuata walikwenda hatua zaidi: walitengeneza tabakelo, yaani visanduku vya ugoro, ambavyo ndani yake mlifichwa ndege mdogo wa mitambo. Kitufe kikisukumwa kifuniko hufunguka, ndege huinuka, hupiga mabawa, huimba kwa filimbi ndogo yenye pistoni, kisha hujilaza na kifuniko humfunika. Katika karne ya 20 karakana ya Karl Griesbaum huko Triberg, Ujerumani, iliendeleza utengenezaji wa visanduku vya namna hiyo, vingi vikiwa vya fedha.

Pambo juu ya kisanduku cha fedha laweza kuwa na hadhi tatu za kimaadili. Katika hirizi, fedha hufunika maandishi matakatifu ambayo mwenye kuivaa haifungui. Nakshi yake huheshimu kisichoonekana, nayo ni pete ya chanda. Katika kijaluba cha tambuu, kasha hufunguliwa mbele ya mgeni, na uzuri wake ni sehemu ya ukarimu. Pambo na kilichomo hutolewa kwa pamoja. Katika kabati la mkusanyaji wa vitu vya kale, hirizi haina tena shingo iliyoivaa wala kijaluba hakina mgeni. Nakshi haikupungua hata chembe, na pengine imesafishwa ikang'aa kuliko ilivyokuwa, lakini haielekei tena kwa mtu. Hapo ndipo methali ya mkakasi inapopata nguvu, tena kwa maana kali kuliko ile ya kawaida: kasha halikuwa tupu tangu awali, bali sisi ndio tuliolikomba.

Fasihi ya pwani iliwahi kuiona hali hii kwa upande wa pili. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, kasri za Pate zimekwisha kuwa magofu, na katika vidaka vya ukutani ambamo zamani vilipangwa vyombo vya kauri sasa wanalala makinda ya ndege. Ndege halisi amekuja baada ya pambo kuondoka. Mshairi alilichukua jambo hilo kuwa onyo juu ya dunia ipitayo. Kwa swali letu linafundisha jambo la ziada: ndege aliyechorwa huhitaji nyumba yenye wenyewe ili awe na maana, ilhali ndege aliye hai hatuhitaji.

3. Vyombo visivyotaka kutazamwa

Wameru husimulia kwamba asili yao ni Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji, ambako walitawaliwa na watu wa nguo nyekundu hadi walipotoroka na kuanza safari ya bara. A. M. M'Imanyara (1992) na Jeffrey Fadiman (1993) waliyachunguza masimulizi hayo kwa kirefu, na wanahistoria wangali wakijadiliana kuhusu mahali Mbwaa ilipokuwa. Lililo muhimu hapa ni kwamba masimulizi yenyewe yanaunganisha nyanda za juu na bahari, na yanafanya hivyo kwa kumbukumbu ya kutoroka mamlaka ya watu wa huko. Si ajabu basi kwamba mlimani hatukuti desturi ya kale ya makasha ya fedha. Mapambo yalikuwapo, ya shanga, ya shaba na ya chuma kilichofuliwa na wahunzi wa Mbeere na jirani zao. Fedha nyeupe ilikuja hasa kama sarafu. Baada ya vita vya Waingereza dhidi ya Waembu mwaka 1906, na baada ya kuanzishwa kwa kituo cha utawala cha Meru chini ya E. B. Horne mwaka 1908, kodi ya nyumba ilidaiwa kwa rupia. Kwa wakazi wa miteremko ya mashariki ya mlima, fedha ilianza kama dai kabla ya kuwa pambo.

Vyombo vya thamani vilikuwa vya namna nyingine. Mzee alibeba ugoro wake katika kibuyu kidogo au katika pembe iliyochongwa, na kuufungua mbele ya mwenzake kulikuwa tendo la kutambuana: mtu hakuvuta ugoro wa asiyemtaka. Kibuyu cha maziwa au cha uji kilipopasuka kilishonwa kwa uzi imara, na mshono huo, ambao mkusanyaji wa leo huulipia zaidi akiuita nakshi, ulikuwa kwanza kabisa alama ya kwamba chombo kilithaminiwa vya kutosha kisitupwe. Mzinga wa nyuki uliotundikwa mtini katika nchi kavu ya Mbeere na Tharaka ulikuwa gogo lililochongwa likawa tupu. Miongoni mwa Wakamba, majirani wa ng'ambo ya Mto Tana, alama iliyokatwa juu ya mzinga ilionyesha ukoo wa mwenyewe. Alama kama hiyo haimwambii mpita njia atazame. Inamwambia: kina mwenyewe.

Mfano mzito zaidi hauna chombo cha kufuliwa wala cha kuchongwa. Mugwe, kiongozi wa baraka miongoni mwa Wameru, alielezwa na Bernardo Bernardi, mmisionari wa shirika la Consolata, katika kitabu chake cha mwaka 1959. Miongoni mwa Waimenti, nguvu ya Mugwe ilikuwa katika mkono wake wa kushoto, ambao ulishika kiragu, ishara ya mamlaka yake. Mkono huo ulifichwa chini ya vazi na haikuruhusiwa uonekane. Kasha la kitu kitakatifu kuliko vyote lilikuwa kiganja cha mtu aliye hai, na kifuniko chake kilikuwa upindo wa nguo.

Mwaka uliofuata, 1960, Rodney Needham aliandika makala mashuhuri juu ya mkono huo katika jarida la Africa. Hakuwa amefanya utafiti Meru. Alitegemea maandishi ya Bernardi na ya wengine. Kilichomvutia ni fumbo la kimuundo: ikiwa mkono wa kushoto kwa kawaida huhusishwa na udhaifu, kwa nini kwa Mugwe uwe na utukufu? Akalijibu kwa jedwali la vinyume, kushoto kwa kulia, kusini kwa kaskazini, mamlaka ya dini kwa mamlaka ya siasa. Ni kazi ya akili ya hali ya juu, na wanafunzi wa nadharia ya umuundo hawana budi kuisoma. Hata hivyo hatuwezi kupuuza kilichotendeka. Mkono ambao watu wake walikatazwa kuuona uliwekwa katika jedwali ili usomwe na watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na baraka zake. Jedwali ni nakshi iliyofuliwa vizuri. Juu yake pamechongwa ndege ambaye fundi hakuwahi kumsikia.

4. Ndege wa kichakani na ndege wa Geneva

Je, kosa ni lipi hasa? Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya hukumu ya uzuri, anatoa kisa kinachotusaidia. Mwenye nyumba ya wageni, akijua kwamba wageni wake wanapenda kusikiliza ndege mwimbaji wa usiku, na akiwa hana ndege huyo karibu, alimficha kijana mtundu kichakani aige sauti yake kwa kipande cha tete mdomoni. Wageni walifurahi. Lakini, asema Kant, mara hila inapogunduliwa hakuna atakayevumilia kuusikiliza wimbo ambao dakika chache zilizopita aliuona mtamu. Sauti haikubadilika. Kilichobadilika ni uhusiano wa msikilizaji na chanzo chake. Tunapousifu wimbo wa ndege hatusifu mpangilio wa sauti peke yake. Tunapokea kitu kutoka kwa kiumbe kilicho hai.

Kant huyohuyo aliwataja ndege miongoni mwa mifano ya uzuri huru, usiotegemea matumizi, na aliliweka fremu la dhahabu la picha miongoni mwa mapambo yanayoweza kuudhuru uzuri wa kweli. Mawazo hayo mawili hayakai pamoja kwa utulivu. Yakitumika juu ya kisanduku cha fedha, ndege aliyechongwa ni huru na fremu lake ni utumwa. Kisa cha kijana wa kichakani kinatuondoa katika mkwamo huo, kwa sababu kinahamisha swali kutoka kwenye umbo hadi kwenye uaminifu.

Sasa tumlinganishe kijana huyo na ndege wa tabakelo ya Geneva. Huyu naye huiga, na huiga kwa ustadi unaomshinda kijana. Hata hivyo hakuna anayechukizwa anapokumbuka kwamba ni mtambo. Tabakelo haimfichi fundi wake. Kifuniko, kitufe na filimbi vyote vinatangaza kwamba hapa pana kazi ya mkono wa mtu. Tunastaajabia ufundi kama ufundi, na ndege wa porini anabaki na heshima yake. Kijana wa kichakani alikosa kwa sababu alijifanya ndege.

Tofauti hii ndiyo tunayoihitaji katika taaluma yetu. Ngano iliyosimuliwa Mbeere jioni, ikanaswa, ikanukuliwa, ikatafsiriwa, ikachapishwa, si ngano ileile. Ni tabakelo. Pumzi, kicheko cha wasikilizaji, sauti ya fanani inayoshuka pale mtoto wa ngano anapopotea njia, vyote vimeyeyushwa kama tai wa riale. Hilo peke yake si dhambi. Kitabu cha Ciarunji Chesaina cha mwaka 1997 kuhusu fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere, na matini za kihistoria za Waembu alizozikusanya H. S. K. Mwaniki na kuzichapisha mwaka 1974, vimewafaa wasomi kwa miongo mingi, na ni vyema viliandikwa. Dhambi huanza pale mhakiki anapoichukua matini iliyochapishwa, akaichambua takriri na taswira zake, kisha akahitimisha kwamba Waembu huamini hivi au Wameru huona vile. Hapo amejificha kichakani na tete mdomoni.

5. Mkusanyaji na kifuniko

Suala la kujidai ndege linahusu namna ya kuwasilisha. Lipo suala la awali yake, nalo ni la kufunua. Si kila kasha hufunguliwa na kila mtu. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru lenye makao yake Nchiru, lina mambo ambayo huzungumzwa na walioapishwa pekee. Nyimbo za jandoni zilikuwa na wasikilizaji wake. Laana na baraka zilikuwa na midomo yake. Mtafiti anayefika na barua ya chuo na kinasa sauti huleta dhana kwamba maarifa yote, kwa asili yake, yanataka kujulikana. Dhana hiyo haikuthibitishwa popote. Ni desturi ya taasisi zetu.

Watafiti wengine hujibu kwamba msimulizi aliridhia. Pengine. Lakini ridhaa ya kumsimulia mgeni hadithi chini ya mwembe si ridhaa ya kuiweka katika hifadhi ambayo mjukuu wa msimulizi hataifikia bila kadi ya maktaba. Historia ya vitu ni onyo juu ya historia ya maneno. Mradi wa kimataifa ulioorodhesha vitu vya Kenya vilivyo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, ambao matokeo yake yalionyeshwa Nairobi mwaka 2021, ulihesabu zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi 30. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wanaoishi kwenye mkondo wa chini wa Mto Tana, mto uleule unaopokea maji ya mlima huu, ilitwaliwa na Waingereza mwaka 1902 na imekaa katika hifadhi ya British Museum kwa zaidi ya karne moja. Ngoma iliyotengenezwa ili isikike imekuwa kasha lililonyamaza. Tepu zetu zilizofungiwa kabatini, ambazo mashine za kuzichezesha zimekwisha kuharibika, haziko mbali na hali hiyo.

Viumbe wa nchi hiihii ya nyuki wanatupa kipimo bora kuliko fomu ya ridhaa. Mlembe ni ndege anayewaongoza watu kwenye viota vya nyuki mwituni. Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer, katika utafiti wao miongoni mwa Waborana uliochapishwa mwaka 1989, walionyesha kwamba katika maeneo wasiyoyajua vizuri warina asali walihitaji wastani wa saa 8.9 kukipata kiota bila ndege, na saa 3.2 wakiongozwa naye. Ndege hupata nta na mabuu baada ya mtu kukivunja kiota. Desturi ya kumwachia mlembe fungu lake imeenea katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na anayeivunja huambiwa kwamba siku nyingine ndege atampeleka kwa nyoka au simba. Sayansi haikuhitaji kuuthibitisha utisho huo ili maana yake ya kimaadili isimame. Aliyekuonyesha njia ana fungu katika ulichokipata, na fungu hilo si shukrani ya mstari mmoja katika dibaji.

6. Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni nzito. Kama Bernardi angeliheshimu vazi la Mugwe kiasi cha kutoandika neno, leo tungejua nini? Cheo hicho kilikuwa kikififia katika enzi yake, na kichwa cha chapa ya kwanza ya kitabu chake kilimwita Mugwe nabii anayeshindwa. Chapa ya baadaye ilimwita nabii wa baraka. Wameru wenyewe, wakiwamo wasomi, hukirejelea. Kasha limehifadhi ambacho mkono haukuweza kukihifadhi. Tunakubali. Hakuna maadili ya fasihi yanayoweza kujengwa juu ya kutamani kwamba vitabu visingeandikwa. Hata hivyo pingamizi hii inathibitisha thamani ya kuhifadhi, haithibitishi haki ya kuonyesha. Bernardi aliandika kwamba mkono ulifichwa, na kwa kuandika hivyo alikibakiza kifuniko ndani ya maelezo yake. Msomaji anajua kwamba kuna jambo asiloliona. Ndiyo namna ya kasha aminifu: humwambia mtazamaji mahali ujuzi wake unapokoma.

Pingamizi ya pili hutoka upande wa pili. Husemwa kwamba mambo haya yote ni ya kimapenzi, kwamba mila za Meru na Embu zinabadilika kama mila nyingine, na kwamba vijana wa leo wana haki ya kuzisoma kama urithi wa wote bila vizuizi vya wazee. Pingamizi hii ina ukweli, hasa tukikumbuka kwamba vifuniko vingi vya kale viliwafungia wanawake nje. Mhakiki hawezi kuwa mlinzi wa kila mlango kwa sababu tu mlango ni wa zamani. Lakini mwenye haki ya kugombana na mwenye kifuniko ni aliye ndani ya nyumba. Binti wa Imenti anayehoji kwa nini asiujue wimbo fulani anauliza swali la urithi wake. Sisi tunaouchapisha wimbo huo ili tupande cheo tunauliza swali jingine, hata kama maneno yanafanana. Kulitumia dai lake kuhalalisha tamaa yetu ni namna nyingine ya kujificha kichakani.

Fikiria pia jina la mlima wenyewe. Waembu huuita Kirinyaga, na ufafanuzi mmoja unaotajwa mara nyingi hulihusisha jina hilo na mbuni: mwamba mweusi na theluji nyeupe vilifananishwa na manyoya ya mbuni dume. Ludwig Krapf, alipouona mlima huo akiwa Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, aliandika jina alilolisikia kwa wenyeji wake Wakamba, na jina hilo likawa la nchi nzima. Barafu ya kilele imekuwa ikiyeyuka kwa miongo mingi, na barafuto kadhaa zimekwisha kutoweka. Siku itafika ambapo manyoya meupe hayataonekana tena. Jina litabaki kasha la ndege aliyeruka. Hakuna atakayelitupa kwa sababu hiyo, na hakuna atakayestahili lawama kwa kulipenda. Tutakachodaiwa ni kuwaambia wanafunzi wetu kwamba palikuwa na theluji, na kwamba waliolitunga jina hilo walikuwa wakiitazama.

7. Hitimisho

Tulianza na methali mbili zisizopatana, na sasa yawezekana kuona mahali zinapoachana. Chanda huvikwa pete kikiwa mkononi. Methali haisemi juu ya pete iliyo sandukuni, wala juu ya kidole kilichokatwa. Nakshi ni haki pale inapobaki imeshikamana na mwili unaoistahili: hirizi shingoni, kijaluba mbele ya mgeni, ngano kinywani mwa anayeijua na masikioni mwa wanaoweza kumsahihisha. Ikitengwa na mwili huo huwa mkakasi, na kukuta kipande cha mti ndani yake si ugunduzi wa kihakiki, bali ni matokeo ya tulichokifanya wenyewe.

Mfano wa kikombe na mfano wa sarafu, kwa hiyo, vyote viwili vina upungufu uleule. Vinazungumza juu ya vitu viwili, fani na maudhui, pale ambapo vipo vitatu. Wa tatu ni mtu anayelishika kasha. Uhakiki usiomhesabu utaendelea kubishana kama kinywaji ni bora kuliko kikombe, huku mwenye kiu akiwa amesahauliwa mlangoni.

Katika idara zetu jambo hili lina sura ya kawaida kabisa. Tasnifu inayotegemea masimulizi ya Meru au Embu yapaswa kueleza, kwa uwazi uleule inaoutumia kueleza nadharia yake, ni mambo gani msimulizi aliyafunga na kwa nini mtafiti hakuyafungua. Yapaswa kueleza nakala ya sauti imerudishwa wapi, katika mashine ya aina gani, na nani kijijini anaweza kuisikiliza. Msimulizi aliyekubali kutajwa atajwe pale hoja yake inapotumika, kama tunavyomtaja Kant, wala asiachwe katika orodha ya wahojiwa mwishoni. Na mtahini anayekuta sura nzima ya tasnifu imeachwa wazi kwa sababu wazee walikataa, asiihesabu sura hiyo kuwa upungufu. Aisome kama sehemu ya utafiti, kwa maana hapo mtafiti ameuona upindo wa vazi na akaurudisha mkono wake.